Ahadi ya Pensheni ni Deni: Funzo la Wazimamoto wa Uingereza



Kijana anayeingia kazini hupatana na mwajiri wake mambo mawili. La kwanza ni mshahara wa kila mwezi, ambao huupokea na kuutumia papo hapo. La pili ni pensheni, yaani sehemu ya jasho lake inayowekwa kando leo ili apewe siku ambayo nguvu zitakuwa zimemwishia. Mapatano haya ya pili ni mazito kuliko yale ya kwanza. Mfanyakazi akipunjwa mshahara wa mwezi huu, mwezi ujao anaweza kutafuta kazi mahali pengine. Lakini akipunjwa pensheni baada ya kutumika miaka 20, hakuna wa kumrudishia miaka hiyo. Ndiyo maana twatamka wazi tangu mwanzo: serikali inayogeuza masharti ya pensheni katikati ya safari, pasipo kukubaliana na wale wanaoisubiri, inavunja neno lake, hata kama sheria inairuhusu na hata kama hazina yake imepungukiwa.

Ili jambo hili lionekane vizuri, tumechagua ugomvi uliotokea mbali nasi, kati ya serikali ya Uingereza na chama cha wazimamoto kiitwacho Fire Brigades Union, sendika iliyoundwa mwaka 1918. Tumeuchagua kwa makusudi. Katika nchi ile hakuna awezaye kusema kwamba fedha zilipotea njiani, au kwamba daftari za watumishi ziliungua, au kwamba hapakuwa na mahakimu wa kusikiliza mashtaka. Kila kitu kilifanyika kwa tume, kwa kamati, kwa kura za Bunge na kwa mihuri. Hata hivyo neno lilivunjwa. Basi na tuangalie lilivunjwa kwa namna gani.

Mfuko wa pensheni wa wazimamoto wa mwaka 1992 ulikuwa na masharti yaliyofahamika na kila aliyeingia kazini. Aliyetumika miaka 30 alipewa pensheni ya theluthi mbili ya mshahara wake wa mwisho. Aliyefikisha umri wa miaka 50, akiwa ametumika angalau miaka 25, aliweza kupumzika, na umri wa kawaida wa kuacha kazi ulikuwa miaka 55. Hayo hayakuwa zawadi. Mzimamoto alikatwa asilimia 11 ya mshahara wake kila mwezi, mchango mkubwa ambao wafanyakazi wengi wa nchi ile hawakuujua. Mwaka 2006 mfuko huo ulifungwa kwa wageni. Walioajiriwa tangu hapo waliingizwa katika mfuko mwingine wenye umri wa miaka 60, ila waliokuwamo tayari katika ule wa zamani waliachwa na masharti yao. Tukumbuke sana jambo hilo, kwa maana lilikuwa njia ya haki: anayeingia leo anaambiwa masharti ya leo, naye aliyeingia jana anatimiziwa neno la jana.

Serikali ya mseto iliyoingia madarakani mwaka 2010 iliiacha njia hiyo. Tume iliyoongozwa na Lord Hutton ilitoa taarifa yake ya mwisho Machi 2011, ikashauri kwamba pensheni za watumishi wote wa umma zibadilishwe: zihesabiwe kwa wastani wa mishahara ya maisha yote ya kazi badala ya mshahara wa mwisho, na umri wa kustaafu upandishwe. Kwa askari wa jeshi, polisi na wazimamoto, tume ilipendekeza miaka 60. Sheria ikapitishwa mwaka 2013, na mfuko mpya ukaanza tarehe 1 Aprili 2015. Safari hii waliokuwa kazini tayari walihamishwa pia, isipokuwa wale waliokaribia kustaafu. Wakati huohuo michango ilipandishwa kuanzia 2012, hata mzimamoto wa kawaida wa mfuko wa zamani akafikia kukatwa asilimia 14.2. Kwa mtu mwenye mshahara wa pauni 29,000 kwa mwaka, hizo ni zaidi ya pauni 4,100. Kwa maneno mengine, aliambiwa alipe zaidi, afanye kazi miaka mingi zaidi, na apokee kwa hesabu mpya ambayo hakuikubali.

Tuwe waadilifu, tuisikilize serikali nayo. Ilisema kwamba watu wanaishi muda mrefu kuliko zamani, na kwamba pensheni inayolipwa kwa miaka 30 au 35 ni mzigo ambao watunga masharti ya kale hawakuutazamia. Ilisema kwamba mafundi, wauza duka na madereva, ambao kodi zao zinaichangia pensheni ya mzimamoto, wao wenyewe watangoja hata miaka 66 au zaidi. Ilisema tena kwamba haki zilizokwisha kupatikana kabla ya 2015 hazikuguswa. Hoja hizo zina uzito wake, na anayezicheka hajazifikiria. Mfuko wa wazimamoto ulikuwa wa ukarimu, na gharama yake ilikuwa ya kweli.

Lakini hoja iliyorudiwa kuliko zote, kila mara mgomo ulipotangazwa, ilikuwa hesabu moja. Serikali ilisema kwamba mzimamoto mwenye mshahara wa pauni 29,000 ataweza kustaafu akiwa na miaka 60 baada ya kazi ya maisha yake yote, apewe pensheni ya pauni 19,000 kwa mwaka, na kwamba mtu wa kampuni binafsi angehitaji akiba inayozidi nusu milioni ya pauni ili kupata kiasi hicho. Mwananchi aliyesikia hayo alijiuliza: basi hawa wanalilia nini?

Tuishike hesabu hiyo mkononi na kuigeuza pande zote. Katika mfuko mpya kila mwaka wa kazi unampatia mzimamoto karibu sehemu moja ya sitini ya mshahara wa mwaka huo. Ili 29,000 izae 19,000, miaka inayohitajika ni kama 40. Yaani mtu aingie akiwa na miaka 20, asiumie, asiugue moyo wala magoti, apande ngazi na kuburuta mipira ya maji bila kukatizwa mpaka siku ya kutimiza miaka 60. Je, akichoka akiwa na miaka 55? Mfuko ulimruhusu kuondoka, ila pensheni yake ipunguzwe kwa asilimia 21.8. Kwa hesabu rahisi, miaka 35 ya kazi ingempa kama pauni 16,900, na baada ya kupunguzwa angebaki na kama 13,200. Miaka mitano ya mwisho ya mwili wa binadamu inagharimu karibu theluthi nzima ya ile pensheni iliyotangazwa redioni. Serikali haikusema uongo. Ilitaja namba ya mtu ambaye huenda asipatikane, ikanyamaza juu ya namba ya mtu ambaye bila shaka atapatikana.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi. Kurefuka kwa maisha hakurefushi nguvu za kazi kwa kipimo kilekile. Mtu anaweza kufika miaka 85 kwa sababu ya madawa, chakula na uangalizi, na bado mapafu yake na mgongo wake vikawa vya mzee akiwa na miaka 58. Karani anaweza kuendelea na kazi yake kwa miwani na kiti kizuri. Mzimamoto anaingia ndani ya moshi akiwa na mavazi mazito na mtungi wa hewa mgongoni, katika joto linalochosha hata vijana, na mara nyingine anatoka amebeba mtu mwingine. Akiishiwa pumzi ndani ya nyumba inayoungua, wanaohatarika ni watatu: yeye, mwenzake aliye naye, na yule waliyekwenda kumwokoa.

Wala hayo hayakuwa maneno ya sendika peke yake. Serikali ilikuwa na taarifa ya daktari, Tony Williams, iliyochunguza umri wa kustaafu wa wazimamoto na kutolewa mwanzoni mwa 2013. Kipimo kilichopendekezwa ni uwezo wa mwili kutumia oksijeni: mililita 42 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Taarifa haikusema kwamba miaka 60 haiwezekani kabisa. Ilisema kwamba wanaotunza miili yao vizuri wanaweza kuifikia wakiwa bado wanafaa kazini. Lakini ilionyesha pia kwamba wako watakaoshuka chini ya kipimo bila kosa lao, kwa sababu uwezo huo hupungua kwa umri hata kwa mtu anayefanya mazoezi, na kwamba wanawake wamo hatarini zaidi. Basi swali la haki lilikuwa jepesi kulieleza: mtu huyo, aliyefanya mazoezi na kulipa michango yake yote, akishindwa kipimo akiwa na miaka 56, atakula nini? Hana nguvu za kubaki kazini. Hana ugonjwa unaotambuliwa ili apewe pensheni ya wagonjwa. Akiondoka mwenyewe, anapunguziwa. Mlango wa mbele umefungwa, na wa nyuma una tozo.

Jibu la swali hilo lilipaswa kupatikana mezani. Ndiyo kazi ya mapatano. Lakini kuna namna mbili za kukaa mezani. Katika namna ya kwanza pande zote mbili zinafika zikiwa tayari kubadilishwa na zile zitakazosikia. Katika namna ya pili upande mmoja umekwisha kuamua, nao huketi ili kesho useme kwamba uliketi. Mazungumzo yalianza mwaka 2011 na kuendelea kwa miaka, mapendekezo yakatolewa na kurudishwa, na ni kweli kwamba serikali ililegeza hapa na pale: lile punguzo la asilimia 21.8 lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza. Ila juu ya umri wa 60 na juu ya kuwahamisha waliokwisha kuajiriwa, mlango haukufunguka. Katika Uskoti, ambako serikali yao wenyewe ilikuwa bado inazungumza na sendika, wazimamoto hawakugoma siku ya mgomo wa kwanza. Penye masikio panakuwa na subira.

Uingereza na Wales walipiga kura Agosti 2013, na wengi mno wakakubali mgomo. Ulianza tarehe 25 Septemba 2013, ukadumu muda wa saa nne tu, tangu saa sita mchana hadi saa kumi. Ulifuatwa na mingine mingi, mingi yake mifupi, mpaka ule wa siku nne ulioanza jioni ya tarehe 31 Oktoba 2014. Kabla ya hapo wazimamoto wa nchi ile walikuwa wamegoma kitaifa katika vipindi viwili tu, 1977 na 2002, na mara zote mbili ugomvi ulihusu mshahara. Watu hawa hawana mazoea ya kuacha king'ora kikilia.

Je, ni halali mzimamoto agome? Swali hili halipaswi kukwepwa, na mafundisho ya Kanisa juu ya kazi hayalikwepi. Papa Leo XIII alitetea haki ya wafanyakazi kuungana tangu 1891. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alihesabu pensheni na bima ya uzeeni miongoni mwa haki za mfanyakazi, akakubali kwamba mgomo ni njia halali ndani ya mipaka ya haki. Lakini alikumbusha vilevile kwamba huduma za lazima kwa jamii lazima zihakikishwe. Kwa hiyo hatusemi kwamba mgomo wa zimamoto ni jambo dogo. Nyumba inaweza kuungua wakati wa mgomo, na maskini asiye na bima ndiye atakayelia zaidi. Ila wajibu huo una pande mbili. Kama kazi hii ni ya lazima kiasi kwamba anayeifanya azuiwe kuiacha hata kwa saa nne, basi ni ya lazima kiasi kwamba mwajiri wake azuiwe kumgeuzia masharti kwa nguvu. Huwezi kumfunga mtu mikono kwa jina la jamii, halafu kwa jina la jamii hiyohiyo ukachukua kilichomo mfukoni mwake.

Tufike sasa tarehe 15 Desemba 2014. Siku hiyo masharti ya mfuko mpya yalijadiliwa katika Bunge, na wabunge wengi waliingiwa na wasiwasi juu ya yule mzimamoto wa miaka 56 tuliyemtaja. Waziri aliyehusika, Penny Mordaunt, aliwaambia kwamba mtu atakayeshindwa kipimo pasipo kosa lake atapewa ama kazi nyingine ama pensheni isiyopunguzwa. Neno hilo liliwatuliza wengi, na pingamizi likashindwa. Lakini masharti yenyewe hayakuwekwa neno hilo kama haki ambayo mzimamoto angeweza kuidai mbele ya hakimu. Kazi ya kulitimiza iliachiwa mamlaka za zimamoto za kila eneo, na sendika ililalamika kwamba baadhi yake hazikuwa tayari kutoa uhakika huo. Tarehe 25 Februari 2015 wazimamoto wa Uingereza waligoma tena kwa saa 24 kwa sababu hiyo hasa.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Kiongozi anaposema jambo Bungeni ili apate kura, na jambo lilelile likakosekana katika maandishi yanayofunga, mfanyakazi ameachiwa nini? Ameachiwa hisani. Hisani inaweza kuja na inaweza kukosa kuja, kwa kadiri ya moyo wa mwenye nayo na hali ya sanduku lake. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa humsumbua anayedai, wala halimsumbui anayedaiwa. Serikali iliyokuwa na wanasheria wa kutosha kuandika punguzo hadi nukta ya asilimia haikukosa kalamu ya kuandika uhakika huu. Haikutaka kuuandika.

Kisha ugomvi ukahamia mahakamani, na huko ukaonyesha jambo ambalo sendika zote, na za kwetu pia, zinapaswa kulitafakari. Ili kupunguza hasira, serikali ilikuwa imewakinga wazee: aliyekuwa na miaka kumi au pungufu kabla ya kustaafu, kwa kuhesabu tangu 1 Aprili 2012, alibaki katika mfuko wa zamani, na waliowafuata kwa karibu walipewa kinga ya muda. Vijana walihamishwa wote. Ni mbinu ya zamani: mwenye sauti kubwa mezani apewe chake, na asiye na sauti alipe. Wazee wangeweza kunyamaza na kufurahi. Sendika haikukubali. Iliwasimamia maelfu ya vijana wake wakadai kwamba huo ni ubaguzi wa umri. Walishindwa katika baraza la kwanza mwaka 2017, wakakata rufani. Tarehe 20 Desemba 2018 Mahakama ya Rufani, ikihukumu kwa pamoja shauri lao na lile la majaji waliotendewa vivyo hivyo, ilisema kwamba ubaguzi ulikuwapo na kwamba serikali haikuweza kuutetea. Wazee waliokingwa ndio ambao mabadiliko yangewaumiza kidogo kuliko wote. Juni 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufani ya serikali.

Katikati ya kesi hiyo, usiku wa kuamkia 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower la London liliungua. Watu 72 walikufa. Wazimamoto walipanda ngazi za jengo la ghorofa 24 ndani ya moshi, wengine zaidi ya mara moja, na siku zilizofuata viongozi wa nchi walitoa sifa nyingi. Siku hizohizo kesi ilikuwa inangoja rufani, na serikali ileile ilikuwa upande wa pili. Sifa hazigharimu kitu. Anayemwita mtu shujaa mchana, na usiku akawalipa mawakili ili shujaa huyo asipate kile alichoahidiwa, amekwisha kutuambia thamani halisi ya sifa zake.

Wengi wakisikia kwamba sendika ilishinda, hudhani mambo yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Mahakama ilihukumu namna vijana walivyotengwa na wazee. Haikuhukumu umri wa 60. Sheria mpya ya mwaka 2022 iliwaruhusu waliobaguliwa kuchagua faida za mfuko wa zamani kwa miaka saba tu, tangu 1 Aprili 2015 hadi 31 Machi 2022. Kuanzia siku iliyofuata kila mzimamoto aliyekuwa kazini, mzee na kijana, aliingizwa katika mfuko mpya. Usawa umepatikana kwa kuwashusha wote. Isitoshe, gharama ya kurekebisha kosa hilo katika mifuko yote ya umma, ambayo Hazina iliikadiria kuwa pauni bilioni 17, serikali iliihesabu kama gharama ya wanachama wenyewe katika ule utaratibu unaoamua kama faida zao ziongezwe au zipunguzwe. Wazimamoto na madaktari waliipinga hesabu hiyo mahakamani, wakashindwa mwaka 2023. Aliyekosa ni serikali, na bili ikapelekwa kwa aliyekosewa.

Msomaji wa kwetu ataweza kusema: hawa wanagombania pauni elfu kumi na kitu, nasi tunawajua wazee wasiopata hata nauli ya kufuatilia karatasi zao. Tunawajua walimu wanaoingia darasani wakiegemea fimbo, kwa sababu siku watakayoacha kazi ndiyo siku watakayoacha kula. Tufanye nini na ugomvi wa matajiri? Jibu letu ni kwamba tofauti ya kiasi haibadilishi asili ya jambo. Kule pensheni iliguswa na ikapiganiwa kwa miaka kumi na zaidi, kwa kura, kwa mgomo na kwa kesi, na bado haki ilipatikana nusu. Mahali ambapo hakuna anayepigania, nusu hiyo pia haipatikani. Umaskini wa wazee wetu usiwe sababu ya kuwaonea kijicho wazee wa wengine. Uwe sababu ya kuuliza ni nani aliyekaa mezani kwa niaba yao, na alitia sahihi gani.

Wengine watasema kwamba hazina ikipungukiwa, hapana budi. Hatukatai kwamba serikali inaweza kupungukiwa. Twakataa namna ya kuchagua atakayebeba upungufu huo. Mwenye benki aliyeikopesha serikali hulipwa riba yake kwa tarehe, maana mkataba wake unaitwa deni. Mzimamoto aliyeikopesha serikali miaka 20 ya mwili wake anaambiwa kwamba mkataba wake ulikuwa mpango tu, na mipango hubadilika. Kama neno lililotolewa kwa mwenye fedha ni takatifu, neno lililotolewa kwa mwenye jasho haliwezi kuwa la kawaida.

Kwa hiyo tunashika mambo matatu, na tungependa kila sendika na kila serikali ishindane nasi juu yake. Kwanza, masharti mapya ya pensheni yawahusu wanaoingia kazini baada ya kutangazwa. Aliye ndani tayari asihamishwe ila kwa ridhaa iliyotolewa na wenzake kwa kura. Pili, umri wa kustaafu ufuate kazi yenyewe na kile inachoutenda mwili, usifuate wastani wa maisha ya taifa zima. Na anayeshindwa kipimo bila kosa lake awe na haki ya pensheni kamili iliyoandikwa katika sheria, anayoweza kuisoma kwa macho yake na kuidai mbele ya hakimu. Tatu, sendika isikubali kamwe amani inayonunuliwa kwa kuwatoa vijana wake, kwa maana vijana wanaotolewa leo ndio watakaoulizwa kesho kama wanataka kuwatetea wazee.

Wazimamoto wa Uingereza wanaendelea kuitikia king'ora wakiwa katika mfuko ambao wengi wao hawakuuchagua. Watu waliokuwa na miaka 35 mwaka ule wa 2015 watafikisha miaka 60 mnamo 2040. Siku hizo mawaziri waliozungumza Bungeni watakuwa wamestaafu zamani. Mtu mmoja atakuwa bado anapanda ngazi ya moto kwa magoti yaliyochakaa, akihesabu miezi iliyobaki, na mtu mwingine atakuwa dirishani juu, akimngoja afike.